Chakula cha Saa Nne

Filimbi ililia kabla jua halijachomoza. Lenah alikuwa ameshaamka. Alimfunika mtoto wake Mwirigi blanketi, akachukua jembe, akatoka.

Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na Mau Mau. Watu wengi wa sehemu hiyo ya Meru walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao. Nyumba zao zilivunjwa, wakaambiwa wakae pamoja katika kijiji kipya. Nyumba za kijiji hicho zilijengwa kwa mistari, zikabanana sana. Handaki refu lilizunguka kijiji kizima, na ndani yake kulikuwa na miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja tu. Hapo walisimama walinzi walioitwa homgadi. Mtu hakutoka bila pasi, yaani karatasi ya ruhusa.

Kila asubuhi wanawake walikwenda kuchimba barabara. Ilikuwa kazi ya lazima. Waliporudi alasiri waliruhusiwa kwenda shambani kwa muda mfupi, kisha lango lilifungwa. Mume wa Lenah, Mbaka, hakuwapo. Alikuwa amefungwa kambini huko Mwea, upande wa Embu. Nyumbani walibaki watu watatu: Lenah, Mwirigi, na Kanana, mama yake Mbaka.

Kanana alikuwa mzee, hata meno yalikuwa yamebaki machache. Kwa sababu ya uzee wake hakupelekwa kuchimba. Kazi yake ilikuwa kumtunza Mwirigi, naye aliipenda kazi hiyo. Mtoto alikuwa bado hajatimiza miaka mitatu. Alikuwa ameacha kunyonya mapema, kwa sababu maziwa ya mama yake yalikauka kwa kazi nyingi na chakula kidogo.

Mambo yao ya kula yalikuwa hivi. Asubuhi walikunywa chai ya rangi, na ya Mwirigi ilitiwa sukari. Mchana Kanana na Mwirigi walikula kiazi kitamu kilichobaki jana. Usiku Lenah alichemsha mahindi na maharagwe, ikiwa kuni zilipatikana. Mara nyingi Mwirigi alikuwa amelala chakula kilipoiva.

Mchana ulikuwa mrefu. Mtoto aliposhikwa na njaa alilia. Basi Kanana alimpa kipande cha muwa. Kama hakukuwa na muwa, alichukua kitambaa safi, akaweka sukari kidogo ndani, akakifunga, akamtia mtoto mdomoni anyonye. Mwirigi alinyamaza mara moja. Kanana alimtazama akinyonya, na moyo wake ulitulia.

Sukari hiyo haikupatikana kwa urahisi. Kanana alikuwa na kuku wawili, aliowalaza ndani ya kikapu chini ya kitanda. Mayai yao aliyatuma sokoni Nkubu kupitia wanawake waliopata pasi. Yakiuzwa, waliporudi walimletea sukari. Yeye mwenyewe alikunywa chai bila kitu, ili sukari yote iwe ya mjukuu.

Baada ya miezi michache, mashavu ya Mwirigi yalianza kuvimba. Majirani walimsifu Kanana. Walisema mtoto huyu amenona, ijapokuwa watu wote wana njaa. Kanana alifurahi sana.

Lenah hakufurahi. Aliona mambo mengine. Mwirigi hakukimbia tena. Alikaa mlangoni na kutazama wenzake. Nywele zake zilikuwa nyepesi, tena zimegeuka rangi kama vumbi jekundu. Lenah alipomchukua mikononi, mtoto hakucheka wala hakumshika shingo. Lakini Lenah hakutaka kumhuzunisha mama mkwe wake. Alinyamaza, akaendelea kwenda kuchimba.

Mkuu wa kijiji hicho alikuwa Muthamia. Watu walimwita Hedimani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyeitwa Kathure, wa miaka sita hivi. Muthamia alipata pasi wakati wowote, na kila alipotoka mjini alirudi na mfuko wa peremende na biskuti. Kathure alizitafuna tangu asubuhi hadi jioni. Sahani yake ya chakula ilipoletwa, alisema ameshiba. Watoto wa kijiji walimfuata nyuma kila mahali. Kathure hakuwa mchoyo. Alimpa kila mtoto aliyemwomba, naye Mwirigi alipewa hata bila kuomba.

Siku moja gari la zahanati lilifika kijijini. Ndani yake alikuwa mama mmoja aliyejifunga leso kichwani, jina lake Sharifa. Sharifa alizaliwa Majengo, mjini Meru, katika familia ya wauza nyama. Alikuwa Mwislamu, na Kimeru alikisema kama mtu yeyote wa pale. Alikuwa amefundishwa kazi ya afya ya mama na mtoto. Aliketi uwanjani karibu na lango, akawaita wenye watoto wadogo.

Siku hiyo kazi ya barabara ilimalizika mapema, kwa hiyo Lenah alikuwapo. Kanana ndiye aliyembeba Mwirigi. Alimpeleka kwa furaha, kama mtu anayekwenda kuonyesha kitu chake kizuri.

Sharifa alimtazama mtoto usoni. Kisha alishika mguu wake, akaubonyeza polepole kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Halikuondoka haraka. Sharifa alibonyeza mguu wa pili. Shimo likabaki vilevile.

Aliwauliza mtoto anakula nini. Kanana alijibu yote bila kuficha: chai, kiazi, muwa, kitambaa cha sukari.

 Sharifa alitoka kwenye kiti chake, akaketi chini kwenye nyasi karibu na Kanana.

"Mama," alisema, "huyu mtoto hajanona. Amevimba. Hayo ni maji."

Kanana alimvuta mjukuu wake kifuani. "Maji? Mimi nimemlisha kila siku. Hajalala na njaa hata siku moja nikiwa naye."

"Najua. Umemtuliza njaa. Lakini mwili wake haukupata kitu cha kujengea."

"Kwani sukari ni sumu?"

"Si sumu. Inampa nguvu kidogo, kisha imekwisha. Na mtoto ana tumbo dogo. Likijaa chai na muwa, hakuna nafasi ya maharagwe, wala maziwa, wala yai. Hivyo ndivyo vinavyomjenga."

Machozi yalimtoka Kanana. Aliyafuta kwa ncha ya shuka yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba watu walimsifu, naye akaamini.

"Mama, usijilaumu," Sharifa alisema. "Ulimpa ulichoona ni kitamu kuliko vyote, na wewe mwenyewe ukakosa. Nani atakulaumu kwa hilo? Sasa tumsaidie pamoja. Anatakiwa kwenda hospitali leo hii."

Lenah alisikia neno hospitali, akatazama lango. Hospitali ilikuwa ya misheni, mbali na hapo. Bila pasi haikuwezekana kwenda. Na pasi ilitoka kwa Muthamia.

Wanawake hao watatu walikwenda nyumbani kwa Hedimani. Walimkuta ameketi mlangoni. Sharifa alimweleza habari za mtoto. Muthamia alisikiliza, kisha akakataa. Alisema baba wa mtoto yuko kambini. Akiwatoa watu wa nyumba hiyo kijijini, wakubwa watamwuliza sababu, na yeye hataki maneno. Aliwaambia wasubiri afisa wa tarafa aje. Hakujua atakuja lini.

"Hedimani," Lenah alisema, "mimi nitabaki. Nitachimba kama kawaida. Mama aende naye. Mimi sitatoka hapa."

 Wakati huo kilio kilisikika ndani ya nyumba. Alikuwa Kathure. Alitoka nje akiwa ameshika shavu. Taya lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Muthamia alisema binti yake hajalala vizuri tangu juzi kwa sababu ya jino.

Sharifa hakuuliza tena habari ya pasi. Alimwita Kathure, akamketisha penye mwanga, akamwambia afungue kinywa. Meno mengi yalikuwa meusi. Moja lilikuwa limeoza kabisa na ufizi wake ulikuwa na usaha. Sharifa aliomba maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwonyesha mtoto namna ya kusukutua. Alimshika mgongoni mpaka kilio kikapungua. Ndipo akamwambia baba kwamba jino hilo lazima ling'olewe, na ling'olewe hospitalini.

"Limeoza kwa nini?" Muthamia aliuliza. "Huyu hakosi kitu. Watoto wengine hapa wanalala na njaa. Huyu namnunulia kila kitu."

"Ana kila kitu isipokuwa njaa ya chakula," Sharifa alisema. "Peremende inakaa kwenye meno mchana kutwa na kuyaharibu. Tena inamwondolea hamu ya kula. Tazama mikono yake ilivyo myembamba. Mtoto wa Lenah amepungukiwa na chakula kwa sababu hakipo. Kwa mtoto wako chakula kipo, lakini hakili."

Muthamia alimtazama binti yake. Alionekana kama mtu aliyechoka. Alisema kwamba kazi yake inamweka mbali na nyumbani, na akirudi anapenda kuona mtoto akimkimbilia. Kathure humkimbilia kwa sababu ya mfuko.

"Atakukimbilia hata ukileta ndizi," Sharifa alisema. "Anakukimbilia wewe."

 Muthamia aliingia ndani, akaandika pasi. Iliwaruhusu Kathure, Kanana na Mwirigi watoke. Lenah haikumtaja.

Lenah alimbeba mtoto wake mpaka langoni. Hapo alimkabidhi kwa Kanana, akamfunga vizuri blanketi. Mwirigi hakulia. Alimtazama mama yake tu kwa macho mazito. Gari lilipoondoka, Lenah alibaki amesimama mpaka mlinzi alipomwambia arudi ndani.

Hospitalini Mwirigi alipewa maziwa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mwanzoni alikataa. Kanana alimshika mapajani na kumnywesha kwa kijiko, huku akimwimbia kwa sauti ya chini. Kathure aling'olewa jino, akakaa siku chache mpaka uvimbe uishe. Alikuja kila asubuhi kukaa kando ya kitanda cha Mwirigi.

Baada ya wiki moja Kanana alishikwa na hofu. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamekwisha. Miguu imekuwa kama vijiti. Aliona mjukuu wake anapotea mbele ya macho yake. Sharifa alipopita kuwaona, Kanana alimwambia habari hiyo.

Sharifa alimweleza kwamba hiyo ni habari njema. Maji yametoka. Huyo wanayemwona sasa ndiye Mwirigi mwenyewe, na sasa nyama ya kweli itaanza kuota.

Siku iliyofuata muuguzi alileta uji wa wimbi, yaani ulezi. Alivunja yai bichi ndani yake uji ukiwa bado unachemka, akakoroga mpaka likaiva. Kanana alitazama. Mwirigi alikula kijiko cha kwanza, kisha cha pili. Muuguzi alipogeuka kumsemesha mtu mwingine, Mwirigi alinyoosha mkono, akakamata kijiko mwenyewe, akanung'unika kwa hasira apewe zaidi.

Kanana alicheka. Kisha alilia. Jioni alimwambia Sharifa jambo lililomsumbua.

"Mwanangu, mayai nilikuwa nayo. Yalikuwa chini ya kitanda changu. Niliyauza ninunue sukari."

"Sasa umejua, Mama."

"Nimejua. Na kijijini kuna wengine wengi kama mimi. Nao wanawapenda wajukuu wao."

Mwirigi na Kanana walirudi kijijini mwezi uliofuata. Mtoto alikuwa anatembea. Lenah alimpokea langoni, na safari hii Mwirigi alimshika shingo kwa mikono yote miwili, asitake kumwachia.

Lakini maisha ya kijiji yalikuwa yaleyale. Filimbi ililia asubuhi, Lenah akaenda kuchimba. Mchana ulikuwa mrefu kama zamani. Kanana alimpikia Mwirigi uji na kumpa yai, lakini watoto wa majirani walikuja kusimama mlangoni. Aliona miguu yao. Mmoja alikuwa na nywele za rangi ya vumbi.

Sharifa alipofika tena, Kanana aliwakusanya wanawake wote uwanjani. Sharifa aliwaeleza. Alisema mtoto mdogo hawezi kungoja chakula cha usiku tu. Lazima ale katikati, asubuhi saa nne na tena alasiri. Jambo la maana ni kile anachokula katikati hapo. Kikiwa chai na muwa tu, kinaziba njaa, hakijengi kitu.

Mwanamke mmoja alisema kwamba mambo hayo ni ya watu wa mjini wenye fedha. Sharifa alitikisa kichwa. Aliwaambia kwamba mjini nako kuna makosa. Dada yake Hidaya anakaa Majengo, na mume wake Kasim ana bucha. Nyama iko nyumbani kila siku. Hata hivyo watoto wao walipewa senti za mandazi na peremende kila asubuhi, na chakula cha mchana kilibaki kwenye sinia. Vibarua wa mjini nao hunywa chai na mkate mchana kutwa, wakidhani wamekula. Hidaya alibadilisha mambo hayo kwa kuweka njugu karanga na ndizi mezani. Mandazi akayaacha kwa siku ya Ijumaa.

"Basi hapa tuna nini?" Sharifa aliwauliza. "Msinitajie kisichokuwapo. Nitajieni kilichopo."

Wanawake walianza kutaja polepole. Maharagwe yapo. Kunde zipo shambani, hata majani yake. Ndizi zipo. Wimbi lipo kidogo. Njugu karanga huletwa sokoni kutoka sehemu za chini zenye joto. Mayai yapo, lakini yanauzwa.

Sharifa aliwaonyesha namna ya kufanya. Maharagwe yachemshwe mpaka yalainike, ganda litolewe, yapondwe. Njugu zikaangwe na kutwangwa ziwe unga, kisha zitiwe kwenye uji. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, maana zinaweza kumkaba kooni. Ndizi mbivu ipondwe. Kinywa kisafishwe kwa maji baada ya kitu kitamu. Alisema pia kwamba wazee wasio na meno wanahitaji vyakula hivihivi, kwa sababu wengi wao wanaishi kwa chai tu. Aliposema hivyo alimtazama Kanana, na wanawake wakacheka kwa upendo.

Bado kulikuwa na shida. Mama wa watoto wako barabarani saa nne. Nani atapika?

Kanana alisimama. Alisema wazee wapo. Hawachimbi, na mikono yao bado inaweza kutwanga. Kila mama alete kiganja cha maharagwe au ndizi moja asubuhi kabla ya filimbi. Asiye na kitu alete ukuni. Asiye na ukuni alete mtoto tu.

Muthamia alitakiwa kutoa ruhusa ya kuwasha moto na ya wazee kuteka maji nje ya lango. Walidhani atakataa. Aliruhusu, akaonyesha mahali penye kivuli nyuma ya nyumba yake. Aliuliza kama Kathure anaweza kula hapo pia. Kanana alimwambia alete bakuli lake na ukuni mmoja, kama wengine.

Hivyo chakula cha saa nne kilianza. Sufuria ilikuwa moja, na wazee wawili walisaidiana na Kanana. Watoto walinawa mikono, wakakaa mstari. Mara ya kwanza Kathure alitazama maharagwe yake bila kuyagusa. Aliona wenzake wanakula upesi na kuangalia bakuli lake. Akaanza kula. Baada ya siku kadhaa aliomba kuongezewa.

Mambo hayakuwa mepesi. Siku nyingine mvua ilizima moto. Siku nyingine lango lilifungwa kutwa, na maji yakakosekana. Mtoto mmoja aliugua sana, ikabidi apelekwe hospitalini. Lakini safari hii aligunduliwa mapema, kwa sababu Kanana alikuwa na desturi ya kubonyeza miguu ya watoto wote kabla ya kuwapa chakula. Muthamia alitoa pasi siku hiyohiyo, bila kuulizwa mara mbili.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha, nywele za Mwirigi zilikuwa nyeusi na ngumu. Alikimbia na kuanguka, akaamka na kukimbia tena.

Alasiri moja Lenah alirudi kutoka barabarani. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na mgongo ulimuuma. Alipita nyuma ya nyumba ya Hedimani kumchukua mtoto. Alimwita. Mwirigi aligeuka, akamtazama, akaendelea kucheza na wenzake. Lenah hakumwita tena. Aliketi chini kwenye kivuli, akawa anamtazama tu.

Kanana alikuja na bakuli. Ndani yake kulikuwa na maharagwe yaliyopondwa pamoja na ndizi, bado yana joto.

Lenah alisema wampe mtoto.

"Mtoto ameshiba," Kanana alisema. "Hii nimekuwekea wewe. Wewe nawe ni mtoto wa mtu."

Alimwekea bakuli mikononi, akaketi karibu naye, akangoja mpaka alipomaliza kula.